Je, Wajua? Shaba ya Kolwezi na Ujanja wa Saratani ya Ovari

Dawa huingia kwa mlango wa shaba
Seli zako zina milango ya kupitishia shaba, madini yaleyale ya Kolwezi, mji wa migodi katika eneo la Katanga nchini Kongo! Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba mlango mmojawapo, CTR1, huingiza pia sisplatini, dawa ya saratani yenye madini ya platini. Milango ikipungua, dawa nyingi huishia nje.

Kisha hutupwa nje kwa pampu ya shaba
Mwili wa mtu mzima una takriban miligramu 100 tu za shaba. Ikizidi ni sumu, ndiyo maana seli zina pampu za kuitoa: ATP7A na ATP7B. Seli sugu za saratani ya ovari huzitumia kujikinga na platini.

Bakteria waliorefuka mara 300
Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg aliwapitishia bakteria umeme. Wakaacha kugawanyika, wakarefuka hadi mara 300! Kumbe kazi ilifanywa na platini iliyotoka kwenye vijiti vya umeme. Kufikia 1978 sisplatini ilikuwa imeidhinishwa kutibu saratani ya ovari.

Seli 100 zashinda 100,000
Mwaka 2008 watafiti waliwapandikiza panya seli 100 tu za aina ya seli shina kutoka saratani ya ovari, na uvimbe ukaota. Seli 100,000 zisizochaguliwa hazikuotesha kitu. Seli hizo chache zikinusurika kemotherapi, uvimbe uliokwisha kunywea waweza kurudi.

Mmea unaofichua tanuri za wazee
Katanga kuna Haumaniastrum katangense, mmea unaostawi kwenye udongo wenye shaba ya kuua mimea mingine. Wanaakiolojia wameufuata hadi mahali wazee walipoyeyushia shaba. Saratani nayo ndivyo: sumu ikiangamiza seli dhaifu, zilizo sugu hubaki na uwanja wote.

Dawa ya walevi yageukia saratani
Disulfiramu, dawa ya zamani ya kuwaachisha watu pombe, huua seli za saratani ya ovari maabarani, na makali yake huongezeka ikikutana na shaba. Hospitalini bado haijawa tiba ya ugonjwa huu, kwa hiyo usianze kulamba shaba!