TUFANI YA MWAKA 1872: MERIKEBU NA MIKARAFUU

Wanachama wengi hudhani kuwa bahari yetu hii yenye miamba na maji machache humdhuru nahodha mzembe tu. Sivyo. Tarehe 15 Aprili 1872 ilivuma tufani juu ya Unguja, jambo ambalo ni nadra katika nchi zilizo karibu na ikweta kama zetu. Merikebu za Seyyid Barghash zilizotia nanga bandarini, pamoja na majahazi ya biashara, zilitupwa pwani zikavunjika.

Bwana huyo akaagiza merikebu nyingine Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1878, ikaitwa Glasgow. Hiyo haikuuawa na upepo. Waingereza wenyewe waliipiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, ikazama papo hapo, na kwa uchache wa maji milingoti yake ikabaki juu mpaka mwaka 1912 ilipovunjwa.

Lakini merikebu hununuliwa. Mikarafuu je? Tufani ile iling'oa takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na mkarafuu, kama mjuavyo, si muhogo: hungojwa miaka sita au saba kabla ya kuchumwa. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo kisiwa chetu kilipoanza kuitangulia Unguja kwa karafuu, nasi hatuoni vizuri kujisifu kwa neema iliyotokana na msiba wa jirani.

Huenda mtu wa Ipole, kusini ya Tabora, akauliza: mambo ya baharini yatuhusu nini? Yaliwahusu. Pembe za ndovu za pande zile zilichukuliwa na wapagazi wa Kinyamwezi hadi Bagamoyo, kisha zikavushwa Unguja kwa majahazi; nguo na shanga zikapanda bara kwa njia hiyo hiyo. Stanley, aliyemwacha Livingstone karibu na Tabora mwezi Machi 1872 ili akamtafutie wapagazi Unguja, aliukuta mji wa Simbamwenni, jirani na Morogoro ya leo, ukuta wake umechukuliwa na mafuriko. Livingstone aliwangoja wapagazi hao mpaka Agosti.

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimekwisha punguza nguvu. Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaleta shauri kwamba kila tawi liwe na kitalu chake cha miche, wala visiwekwe vyote upande mmoja wa kisiwa.