Kayaki Pana na Mawimbi ya Nalubaale

Swali ni lile lile, liulizwalo Gaba, likaulizwa Munyonyo, likarudiwa Entebbe, kote kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, na watu waliokwisha kujifunza kupiga kafi katika vile vyombo vifupi vya kukodi, na ambao sasa, wakitamani kufika visiwani, wanataka kununua kayaki iliyo bora zaidi: ni ipi iliyo pana kupita zote, ili isipinduke? Kwa idhini ya msomaji nitalijibu bila kulipaka mafuta: swali hilo ni batili tangu shina lake.

Itikadi ya kwamba upana ndio amani ya chombo imezaliwa katika maji matulivu ya ghubani, ambako kayaki pana yenye tumbo bapa haitikisiki hata aliyemo akigeuka kuzungumza na mwenziwe. Lakini chombo cha namna hiyo hutii uso wa maji, na wimbi la ubavuni likiuinamisha uso huo nacho huinama pamoja nao, mfano wa sinia lililowekwa mteremkoni, kikamwaga kilicho juu yake, ilhali kayaki nyembamba yenye tumbo la mviringo, ingawa humtia mgeni wahaka kwa kuyumbayumba kwake, humwachia mpiga kafi nafasi ya kukaa wima kwa nguvu za kiuno huku wimbi likipita chini yake. Tena ile pana ikisha kupinduka hutulia juu chini kwa uthabiti ule ule uliosifiwa dukani, na kuigeuza ni mashaka matupu.

Nalubaale, kama Waganda waliitavyo Ziwa Victoria, si bwawa. Lina eneo lipatalo kilomita za mraba 68,800, mawimbi yake ni mafupi na makali, na usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote zikakutana katikati ya ziwa na kuzaa tufani ambazo wavuvi hukutana nazo hata alfajiri. Waganda wa kale, ambao mitumbwi yao ya mbao za kushonwa msafiri Stanley aliiona mwaka 1875, waliiunda mirefu na myembamba, wala hawakuwa watu wasiojua maji yao.

Basi chagua hivi: urefu wa mita 5 hivi, upana wa sentimita 55 hadi 60, vyumba vilivyozibwa omo na tezi ili chombo kielee hata pa kuketi pakijaa maji, na kamba za kushikia kuzunguka sitaha; kikikosa hivyo viwili vya mwisho, kiache. Plastiki kwa ashukaye penye mawe, fiberi kwa atakaye wepesi, na zote zifunikwe jua la ikweta lisizile. Msukani uwe wa kuinuliwa, kwa sababu ya gugumaji. Kayaki zile fupi za Jinja, mto utokapo ziwani, ni za maporomoko ya Nile. Ziwani hazishiki njia.

Na kabla hujatoa shilingi yako, vaa jaketi la kuokolea, mweke mwenzako kando, ukipindue chombo hicho kwa makusudi penye kina, kisha ujaribu kurudi ndani. Ukishindwa, tafadhali, mrudishie muuzaji kayaki yake, ukajifunze kwanza.