Mbalanga

Mbalanga ni mabaka meupe yatokeayo juu ya ngozi, hasa usoni, mikononi na miguuni. Rangi ya ngozi hufanyizwa na chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Mwili wa mwenye mbalanga huziua chembe zake mwenyewe, kama mlinzi wa usiku apigaye watu wa nyumbani akidhani ni wevi.

Watu wengi huidhania kuwa ni ukoma, wakamtenga mgonjwa. Hilo ni kosa. Baka la ukoma hufa ganzi, bali la mbalanga huhisi ncha ya sindano sawasawa na ngozi nyingine. Wala mbalanga haiambukizi: kula sahani moja na mgonjwa, au kumshika mkono, hakumdhuru mtu. Tena si laana, wala si malipo ya dhambi za wazazi.

Ziko dawa zirudishazo rangi kwa baadhi ya watu, si kwa wote. Mwimbaji Michael Jackson wa Marekani alikuwa na mbalanga, akaificha kwa miaka mingi, hata mwaka 1993 akaisema mbele ya watu. Mwanafunzi mwenye mabaka hana haja ya kuyaficha, isipokuwa kuyakinga na jua kali, maana huungua upesi.

Mara nyingi kinachomwumiza ni macho na maneno ya wenzake. Nao wakumbuke kwamba mbalanga huweza kumpata mtu wakati wo wote wa maisha yake, hata aliyezaliwa na ngozi ya rangi moja. Ndipo wahenga waliposema, Hujafa hujaumbika.