Msuko Usiofumuka

Picha iliganda mhusika akiwa ameinua mkono, na sauti ikaendelea bila yeye. Tulikuwa sebuleni kwa baba mdogo, Nyantakara, wilayani Biharamulo, watu wazima sita na watoto ambao sikuwahesabu. Muvi ilikuwa imeingizwa kwenye flashi asubuhi ile ile na kijana mmoja pale Nyakanazi. Baba mdogo akaichomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Ikaganda pale pale, mkono juu.

"Flashi mbovu hii," akasema. "Kesho namrudishia yule kijana."

Nikaomba nijaribu. Nilipoichomeka kwenye simu yangu, muvi ilicheza mpaka mwisho bila kukwama. Flashi ilikuwa nzima na kijana wa Nyakanazi hakuwa na kosa. Shida ilikuwa kwenye runinga: ya inchi 32, ya mwaka 2014, nayo ilikuwa imepewa msuko ambao haikufundishwa kuufumua.

Nasema msuko kwa makusudi, kwa sababu sijaona neno la Kiswahili linalokaribia zaidi kile kinachotendeka. Kila video tunayoitazama imesukwa mahali fulani, ikabanwa hadi ikaenea kwenye flashi, na kifaa kilicho mbele yetu kinaifumua huku sisi tunatazama, picha 25 au zaidi kila sekunde. Anayesuka na anayefumua lazima wajue mtindo mmoja. Mtindo huo ndio mafundi wanaouita kodeki, na sasa ipo mitindo mingi, ya zamani na ya jana. Anayetaka kununua kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye runinga, ili kifumue kile ambacho runinga yenyewe haikiwezi, anapaswa kuuliza habari za kodeki kabla hajauliza kitu kingine chochote.

Tuanze na hesabu. Picha moja ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta ikipewa baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na picha zikiwa 25 kwa sekunde, unapata baiti milioni 155 na ushei kila sekunde. Flashi ya GB 32 ingejaa kabla ya dakika tatu na nusu kuisha. Muvi ya saa mbili ingetaka zaidi ya TB 1. Na baba mdogo alikuwa na muvi kumi na moja kwenye flashi ya GB 16.

Zilieneaje? Sehemu ya jibu ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas huko Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Walionyesha kwamba kipande kidogo cha picha kinaweza kuandikwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine mapana na ya taratibu, mengine membamba na ya haraka. Jicho la binadamu linayajali sana yale mapana, na haya membamba likiyakosa mara nyingi halishtuki. Basi unayatupa. Picha za simu zinazotumwa kwa umbo la JPEG zinabanwa kwa hesabu hiyo, na karibu kila video uliyowahi kuiona ina damu yake.

Sehemu ya pili ya jibu ni kutorudia. Mtangazaji anaposoma habari, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Hakuna haja ya kuuandika mara 25 kila sekunde. Unauandika mara moja, kisha unasema "kama ulivyokuwa," na kazi inabaki kwenye midomo na macho. Ng'ombe akikatiza kiwanjani, huandiki ng'ombe mpya. Unaandika kwamba yule yule amesogea kulia kidogo. Kila mtindo mpya wa kusuka umezidi ule wa nyuma kwa ujanja wa namna hii. H.264, uliokamilishwa mwaka 2003, huigawa picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16. H.265, wa mwaka 2013, unaruhusu miraba ya hadi 64 kwa 64, kwa hiyo anga tupu la buluu linaandikwa kwa maneno machache sana, huku majani ya mgomba yakigawiwa miraba midogo midogo. Ule wa zamani una njia 9 za kubashiri nukta za mraba kutokana na majirani zake. Huu una 35. Matokeo yake ni kwamba picha ya ubora ule ule inakaa katika takriban nusu ya nafasi.

Ndiyo sababu faili za H.265 zimeenea kwenye flashi zetu. Muvi ya saa mbili iliyosukwa kwa H.264 kwa mwendo wa biti milioni 5 kwa sekunde inakula GB 4.5. Ikisukwa kwa H.265 kwa nusu ya mwendo huo inabaki GB 2.25. Kwa kijana mwenye kompyuta moja na wateja wanaosubiri wakiwa na flashi mkononi, hiyo ni tofauti ya kumwingizia mtu muvi tatu au sita kwenye nafasi ile ile. Mimi siwalaumu vijana hawa kwa H.265. Wameufikisha kijijini msuko bora kabla vifaa vya kuufumua havijafika.

Ujanja huo una gharama, na gharama analipa anayefumua. Kuna njia mbili za kufumua. Moja ni kuiachia akili kuu ya kifaa ifanye hesabu zote kwa programu. Inawezekana, lakini kifaa kidogo kinachemka, picha inakatika, sauti inatangulia. Nyingine ni kuwa na sehemu ndani ya chipu iliyochongwa kiwandani kwa kazi hiyo tu, inayofumua kwa utulivu na kwa umeme kidogo. Sehemu hiyo haiongezeki kwa kupakua programu. Runinga ya baba mdogo ilichongwa ikijua H.264, na hapo ndipo elimu yake ilipokoma. Simu yangu ya juzi inajua H.265, ndiyo maana ilimaliza muvi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo limewatesa wengi bila kulijua. Faili nyingi za H.265 zimesukwa kwa biti 10 kwa kila rangi badala ya 8. Biti 8 zinatoa ngazi 256 za kila rangi. Biti 10 zinatoa 1,024, na jua linapozama huoni tena ile michirizi kama ngazi angani. Lakini zipo chipu zinazofumua H.265 ya biti 8 na kushindwa ya biti 10. Muuzaji anayekwambia "inacheza H.265" anaweza kuwa anasema kweli, na bado muvi yako ikakwama. Muulize ya biti 10.

Kisha kuna AV1. Huu ulitolewa mwaka 2018 na umoja wa makampuni yakiwemo Google, Netflix, Amazon na Mozilla, yaliyotaka msuko usiodaiwa ada za haki miliki, maana H.265 ina wadai wengi. AV1 hubana zaidi ya H.265, na YouTube inautumia. Kwa anayetazama kwa bando la simu, hili ni suala la pesa. Kisanduku kisichojua misuko mipya kitapelekewa video ile ile kwa msuko wa zamani unaokula data zaidi. Kama nyumba yako inaishi kwa flashi peke yake, unaweza kukaa bila AV1 kwa sasa. Kama watoto wanaunganisha kisanduku na simu ili waangalie YouTube, mimi nisingenunua kisicho nao.

Wala usidhani bei kubwa inatosha kukuambia. Kisanduku cha Chromecast cha 4K cha mwaka 2020 hakina sehemu ya kufumua AV1. Ndugu yake wa bei nafuu wa mwaka 2022, anayeishia HD, anayo. Jibu liko kwenye jina la chipu. Kwa zile za Amlogic zinazopatikana kwa wingi kwenye visanduku hivi, S905X3 inafumua H.265 ya biti 10 na msuko mwingine uitwao VP9, lakini si AV1; S905X4 inafumua zote tatu. Tofauti ni tarakimu moja tu. Maandishi makubwa ya "8K" kwenye boksi hayana uzito wowote mbele ya tarakimu hiyo, na kuna visanduku ambavyo mfumo wake umechezewa ili uonyeshe RAM ambayo haimo.

Kuna vingine vina shida mbaya zaidi ya uongo. Januari 2023 Daniel Milisic, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta, alieleza hadharani kwamba kisanduku cha T95 alichokinunua mtandaoni kilikuja na programu hasidi tayari ndani yake, kabla hajakisakinishia chochote. Mwaka uliofuata kampuni ya usalama ya Doctor Web ilitangaza kukuta programu hasidi iliyoipa jina Vo1d kwenye visanduku karibu milioni 1.3 katika nchi 197. Kisanduku kama hicho hukaa kwenye intaneti ya nyumbani kwako kikifanya kazi za watu usiowajua, kwa bando lako. Kwa hiyo nashauri kwa moyo wote: kama umenunua kisanduku kisicho na jina la kampuni inayojibika, kitumie kwa flashi tu, usikiunganishe na simu ambayo ndani yake kuna pesa zako.

Turudi Nyantakara, kwa sababu mahali nako kuna masharti yake. Umeme wa mtambo wa Rusumo, MW 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana, umeletewa njia ya kV 220 hadi Nyakanazi. Kwa baba mdogo, hata hivyo, jioni bado ni ya sola. Hapo kisanduku kidogo kina faida kubwa. Vingi vinatumia volti 5 na ampea 2, yaani wati 10 kwa kiwango cha juu kabisa, na kwa kawaida vinakula chini ya hapo. Unaweza kukilisha kutoka betri ya volti 12 kwa chaja ya USB ya gari, bila inveta, na inveta yenyewe huwa inakula umeme hata pasipo kazi.

Na jirani wa baba mdogo bado ana TV ya chogo, nayo haina tundu la HDMI. Yeye anahitaji kisanduku chenye tundu la AV, la waya wa nyekundu, nyeupe na njano. Vile vijiti vya kuchomeka nyuma ya runinga havina.

Flashi nazo zina sheria zao. Iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 hata kama nafasi imebaki tele. Ile muvi ya GB 4.5 ingekataliwa mlangoni. Ipangwe upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kuhakikisha kisanduku kinausoma mfumo huo. Na ukikuta picha ipo ila sauti hakuna, tazama msuko wa sauti: mara nyingi ni DTS, ambao runinga nyingi hazina kibali cha kuufumua. Programu za VLC na Kodi, zote za bure, zinaufumua zenyewe, na sauti si mzigo mzito kwa chipu.

Sauti kwetu haina mbadala. Tangu enzi za kanda za VHS, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, watu wengi wamekwenda kwenye vibanda umiza kumsikiliza mtafsiri kadiri walivyokwenda kutazama picha. Picha ikikatika mtu anavumilia. Mtafsiri akinyamaza, kibanda kizima kinapiga kelele.

Tulikwenda Kahama mimi na baba mdogo kununua kisanduku, na tulikwenda na flashi yetu. Tuliweka faili tatu: ile muvi iliyoganda, ambayo ni H.265 ya biti 10. Video fupi ya AV1 niliyoipakua. Na harusi yake ya mwaka 2003, iliyonakiliwa kutoka kwenye sahani ya DVD. Hii ya tatu aliisisitiza yeye, na ilinifundisha kitu. DVD imesukwa kwa MPEG-2, msuko wa mwaka 1995, na picha za harusi ile zilirekodiwa kwa mistari ya kupishana: kwanza mistari ya namba witiri, halafu ya shufwa. Kifaa kisichojua kuiunganisha huonyesha kila kinachokwenda haraka kikiwa na meno ya kitana pembeni. Chipu mpya si lazima iwe na adabu kwa msuko wa zamani.

Duka la kwanza lilitukatalia kujaribu, tukaaga. La pili mwenye duka alituwekea kiti. Kisanduku cha kwanza kilishindwa AV1. Cha pili kilicheza zote tatu. Tukakiacha kiendelee dakika ishirini, nikakigusa, kilikuwa vuguvugu tu. Tukaweka Kodi, na wakati video inacheza nikafungua maelezo yake kwenye skrini kuhakikisha kwamba kinachofumua ni chipu.

Usiku ule Nyantakara hakuna aliyeulizia muvi. Baba mdogo aliweka harusi. Bibi, ambaye hatunaye tena, alitokea upande wa kushoto akicheza kuelekea kwa maharusi, mikono juu, vitenge vikiruka, kingo za vidole vyake safi bila meno ya kitana. Mama mdogo akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akatazama tena.