Kusubu Chubwi za Risasi Nyumbani: Madhara Yake kwa Familia

Chubwi ni kipande kizito kinachofungwa kwenye mshipi au kwenye kamba ya chini ya wavu ili kuuzamisha. Katika pwani yetu na kandokando ya maziwa, chubwi hutengenezwa zaidi kwa madini ya risasi, na baadhi yake husubiwa nyumbani. Risasi inayotolewa katika betri kuukuu ya gari huwekwa kwenye sufuria, ikayeyushwa juu ya jiko la mkaa, kisha ikamiminwa katika kalibu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 za Selsiasi, ilhali alumini ya sufuria huhitaji nyuzi 660. Ndiyo sababu sufuria haiharibiki, na mara nyingi huoshwa ikarudishwa jikoni.

Wengi wanaofanya kazi hii huuogopa moshi, hivyo huyeyusha uani, wakajifunga kitambaa puani na kuamini kwamba wamejikinga. Ni kweli kwamba risasi iliyopashwa joto kupita kiasi, takriban nyuzi 500 na kuendelea, hutoa mvuke wenye madhara, na jiko linalopulizwa kwa nguvu laweza kulifikia joto hilo. Kitambaa hakizuii mvuke huo. Hata hivyo, kwa watu wa nyumbani, hatari iliyo kubwa zaidi haiko katika moshi. Iko katika gamba la kijivu linalotanda juu ya risasi iliyoyeyuka, ambalo fundi hulikwangua kwa kijiko na kulitupa pembeni. Gamba hilo likipoa huwa unga laini sana. Hukanyagwa, hushikamana na nguo, huingia chini ya kucha, na mtoto anayetambaa hulikuta sakafuni na kulitia kinywani kwa vidole vyake.

Jambo hili linafahamika vyema pia mbali na shughuli za uvuvi. Huko Marekani, ambako sheria inawaruhusu wamiliki wa bastola kujitengenezea risasi za kulengea shabaha, wapo wanaosubu vichwa vya risasi kwa madini haya na kuvipachika kwenye maganda yaliyokwisha kutumika, pamoja na fataki na baruti mpya. Mtu angedhani kwamba chungu cha kuyeyushia ndicho chanzo kikuu cha sumu katika kazi hiyo. Lakini wataalamu wa afya huwaonya vilevile kuhusu hatua inayoonekana kuwa safi kabisa, yaani kuyasugua maganda hayo ndani ya pipa dogo linalozunguka, lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Mabaki ya fataki za kawaida yana risasi, na anayeyamwaga magunzi hayo makavu hurusha vumbi lake chumbani. (Hapa Tanzania, kutengeneza risasi za silaha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, mfano huu umetolewa kwa ajili ya vumbi tu.)

Risasi ya betri ndiyo mbaya kuliko zote. Ndani ya betri ya gari, sehemu kubwa ya risasi haiko katika umbo la chuma kigumu. Ni uji mkavu wa misombo ya risasi uliopakwa kwenye bamba zenye matundu, nao hupukutika mara betri inapopasuliwa. Pamoja nao kuna asidi ya salfuriki inayochoma ngozi na macho, na mara nyingi antimoni, ambayo gamba lake likilowa maji laweza kutoa gesi yenye sumu kali. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, Senegali, ambako betri zilivunjwa na udongo wake kuchekechwa ili kupata mabaki ya risasi, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishtaki kuhusu sumu ya kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri jirani na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo huathiri ubongo ungali unakua: uwezo wa kujifunza, wa kutulia na wa kukumbuka. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kwamba kwa viwango vya kadiri mtoto haonyeshi dalili yoyote ambayo mzazi angeitambua. Maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu na uchovu huja baadaye, nazo hudhaniwa kuwa ni minyoo au malaria. Degedege na kupoteza fahamu ni dalili za hali mbaya sana. Kwa mama mjamzito, risasi iliyolala mifupani kwa miaka mingi huweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Imani iliyoenea kwamba glasi ya maziwa baada ya kazi husafisha sumu haina ukweli. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu hupunguza ufyonzaji kwa kiasi fulani, jambo ambalo ni jema, lakini hakiondoi kilichokwisha kuingia.

Ushauri wetu kwa mlaji ni kutosubu risasi nyumbani kabisa. Wavuvi hutuuliza, na ni swali la haki, kama kuna kitu kingine kitakachozamisha wavu sawasawa. Kipo. Kilo moja ya risasi ikiwa ndani ya maji ya bahari huvuta chini kwa uzito wa takriban gramu 910. Kilo moja ya chuma huvuta kwa gramu 870. Tofauti ni ndogo mno. Chuma huwa kinene zaidi na hushika kutu, hivyo hubadilishwa mara kwa mara, lakini nati kuukuu na vipande vya nondo hupatikana kwa bei nafuu. Jiwe gumu huvuta kwa takriban gramu 620 kwa kilo, kwa hiyo huhitajika karibu mara moja na nusu ya uzito wa risasi.

Aliye na chubwi za risasi tayari hana haja ya kuzitupa kwa hofu. Azihifadhi mbali na watoto na vyombo vya chakula, anawe kwa sabuni baada ya kuzishika, na asizibane kwa meno anapozifunga kwenye mshipi, desturi ambayo tunajua ni ngumu kuiacha. Mtoto akimeza chubwi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani asidi ya tumboni huanza kuiyeyusha.

Palipokwisha kusubiwa risasi pasifagiliwe pakavu. Padekiwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni baada ya kila kitu kupoa. Maji yasikaribie kamwe risasi iliyo motoni, kwani tone moja hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi usoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto wa nyumba hiyo wapimwe damu: mzazi amwambie mganga waziwazi kwamba risasi iliyeyushwa nyumbani, kwa sababu kipimo hiki hakifanyiki bila kuombwa.

Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Sufuria iliyotumika isirudi jikoni hata ikisuguliwa ikang'aa, na isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Uchunguzi uliofanyika Kameruni ulionyesha kwamba sufuria zilizosubiwa kwa alumini chakavu zaweza kutoa risasi na kuiingiza katika chakula. Itobolewe kitako ili mtu mwingine asiiokote na kuipikia, ifungwe pamoja na gamba lililokusanywa katika chombo kisichovuja, kisha afisa afya wa kata aulizwe mahali pa kuvipeleka.