Setilaiti ya Uhuru ina neno kwa wasichana wa Meru na Embu

Kila ifikapo tarehe 12 Desemba, sisi Wakenya hukumbushana habari za mwaka 1963, jinsi bendera ya mkoloni ilivyoteremshwa na yetu ikapandishwa. Ni wajibu wetu kukumbuka. Hata hivyo, liko tukio jingine la tarehe iyo hiyo ambalo ni wachache mno miongoni mwetu wanaolijua. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mkabala wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa imebeba setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya taifa lililoipokea. Mhandisi aliyeusimamia mradi mzima wa setilaiti hiyo alikuwa mwanamke, Bibi Marjorie Townsend.

Nalileta jambo hili mbele ya wasomaji kwa sababu katika sehemu zetu za Meru na Embu ningali nasikia kauli ambayo ilipaswa kuzikwa siku ile roketi ilipopaa. Kauli yenyewe ni kwamba fizikia si somo la wasichana. Naisikia sokoni, naisikia katika mikutano ya wazazi na, la kusikitisha zaidi, naisikia vinywani mwa wasichana wenyewe.

Na tumtazame mama huyu alikuwa nani. Alizaliwa katika mji wa Washington mwaka 1930. Aliingia Chuo Kikuu cha George Washington akiwa na umri wa miaka 15 tu, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika chuo hicho. Uhandisi aliosomea ulikuwa wa umeme. Alianzia kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji, akishughulikia mitambo ya kutambua nyambizi kwa sauti ipitayo majini. Mwaka 1959 alijiunga na Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Huko alishiriki katika kazi za setilaiti za mwanzo za kuchunguza hali ya hewa, kisha akakabidhiwa mradi wa setilaiti ndogo za elimu ya nyota. Hayo yote aliyafanya akiwa mke na mama wa watoto.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Wamarekani wavuke bahari kuja kurushia chombo chao Ngomeni ilhali wana viwanja vyao? Jibu ni fizikia ile ile tunayowaogofya nayo binti zetu. Dunia huzunguka kama pia, na mahali inapokwenda kasi zaidi ni kwenye Ikweta, ambapo ardhi husafiri kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa karibu na mstari huo kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Aidha, setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta kwa kimo cha chini huepuka sehemu kubwa ya chembechembe za mionzi zinazoizingira dunia, ambazo zingevuruga vipimo vyake. Waitalia, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa wamekwisha kujenga jukwaa lao la San Marco katika bahari yetu na kurusha setilaiti hapo tangu mwaka 1967. Ndio waliourushia ujumbe wa Bibi Townsend.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Miale hiyo haifiki ardhini kwa kuwa huzuiwa na hewa yetu, hivyo mwenye kuitafuta hana budi kuupeleka mtambo wake juu ya hewa. Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 140 tu, sawa na magunia mawili madogo ya viazi. Kwa muda wa miaka miwili na ushei, hadi mapema mwaka 1973, kilitambua vyanzo 339 vya miale hiyo. Ni vipimo vyake vilivyowapa wataalamu sababu madhubuti ya kuamini kwamba kitu kilichomo katika kundi la nyota la Cygnus ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Nishani ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Hapa ndipo habari hizi zinapotugusa sisi wa mlimani. Anayesafiri kutoka Embu kupitia Chuka huvuka Ikweta akishapita Nkubu, kilomita chache kabla ya kuingia mji wa Meru. Embu yenyewe iko kilomita zisizozidi 60 kusini mwa mstari huo. Njia ya Uhuru angani ilikuwa imeinama nyuzi tatu tu kutoka Ikweta, na chombo kiliizunguka dunia kwa dakika zipatazo 96. Maana yake ni kwamba kila siku kilipita mara kadhaa juu ya anga letu au kandokando yake. Mama aliyekuwa akichuma kahawa Imenti au kupalilia mtama Mbeere mwaka 1971 alikuwa na kazi ya mikono ya mwanamke mwenzake juu ya kichwa chake, chombo chenye jina la lugha yake, naye hakuwa na habari. Wala hakuna aliyemwambia bintiye shuleni.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Kwa upande mmoja, tumeanza. Mwaka 2017 nchi iliunda Shirika la Anga za Juu la Kenya. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Waitalia, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1 ikarushwa kutoka California. Hizi ni hatua za kujivunia. Lakini kati ya mwaka 1970 na mwaka 2018 ni karibu miaka hamsini, na nusu ya akili za nchi hii zilikuwa zikiambiwa zikae kando.

Hivi majuzi nilizungumza na msichana mmoja wa shule ya sekondari katika sehemu hizi, ambayo sitaitaja. Alikuwa akipata alama nzuri katika hisabati. Nilipomwuliza habari za fizikia, alinijibu kwa adabu, "Mzee, somo hilo halifundishwi kwetu zaidi ya kidato cha pili. Walisema wanaolitaka ni wachache." Nilimwuliza ni wangapi. Akasema walikuwa saba. Basi wasichana saba walifungiwa mlango wa uhandisi wakiwa na miaka kumi na sita, umri ambao Bibi Townsend alikuwa amekwisha kuingia chuo kikuu. Hawakushindwa mtihani. Waliondolewa kwenye ratiba.

Najua yatakayosemwa. Patasemwa kwamba nchi yenye njaa haina haja na nyota. Anayesema hivyo na awaulize wakulima wa Mbeere, ambao maisha yao yote hutegemea kama mvua za Oktoba zitakuja au hazitakuja. Habari za mawingu na mvua ambazo redio hututangazia hutokana kwa sehemu kubwa na setilaiti, warithi wa zile alizozishughulikia mama huyu. Patasemwa pia kwamba maabara ni ghali. Ni kweli. Lakini kumwacha mtoto aendelee na somo analoliweza hakuhitaji saruji. Kunahitaji mwalimu mmoja na nia njema ya wakubwa wa shule. Na maabara moja yenye vifaa yaweza kuhudumia shule tatu jirani iwapo wakuu wao watakubali kugawana siku.

Tena uhandisi hauko mbali nasi. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililofunguliwa mwaka 1968 hadi Masinga na Kiambere yaliyofuata, yako mpakani mwa Embu. Nyaya nene zimepita juu ya mashamba ambayo watoto huyavuka wakienda kuteka maji. Viwanda vya chai vya Rukuriri na Githongo vina boila na mota ambazo lazima zitunzwe na mtu. Kwa nini mtu huyo asiwe binti wa mchuma chai?

Jambo hili lina haraka. Katika mtaala mpya, mwanafunzi huchagua mkondo wake anapoingia Gredi ya 10, naye huwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Mkondo wa sayansi ukikosekana katika shule iliyo karibu na kwao, au mzazi akimwambia kwamba huo ni wa kaka yake, uamuzi umekwisha kupita na kuurudia ni vigumu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini basi mpeni nafasi ya kukunjika upande anaoutaka.

Ninayo maombi matatu. Wazazi, muulizeni binti yenu alama zake za hisabati kabla ya kumwuliza atasomea nini. Wakuu wa shule, msilifute somo kwa sababu wanaolitaka ni saba, kwani hao saba ndio mliowangojea. Nanyi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Embu, vilivyopata hati zao mwaka 2013 na 2016, watumeni wanafunzi wenu wa kike wa sayansi katika shule za vijijini, wakaonekane kwa macho. Msichana wa Igembe au Siakago ataamini zaidi akimwona dada aliyesoma alikosoma yeye kuliko akisoma gazeti hili.

Jina la setilaiti ile tulilitoa sisi, na bahari iliyorushiwa ni yetu. Mhandisi alitoka ng'ambo. Wa kwetu yumo darasani sasa hivi, naye anasubiri kuambiwa kama somo lake lingalimo kwenye ratiba ya muhula ujao.