Ramani Ianzie Mswalani

Mtoto wa chuoni hapa Mombasa ukimwuliza kibla ni wapi, hukuonyesha kwa mkono bila ya kusita. Mtoto huyo huyo ukimwuliza kaskazini ni wapi, mara nyingi hunyoosha kidole darini. Lawama si yake. Ramani aliyoonyeshwa imetundikwa ukutani, naye kaambiwa kuwa kaskazini ni juu.

Nasi twastaajabu, ndugu wasomaji, kwani maswali hayo mawili jawabu lake ni moja. Makka na Mombasa zote zi karibu na nyuzi 40 za longitudo ya mashariki. Basi asaliye katika mwambao wetu huelekea kaskazini, ila kwa tofauti ndogo sana. Wazee walilijua hilo, hata neno kibla wakalitumia pia kwa maana ya kaskazini.

Mtoto na asimame mswalani: mbele kaskazini, nyuma kusini, kuliani mashariki lichomozako jua, kushotoni magharibi. Kisha mzazi aketi naye sakafuni, wakiigize chumba juu ya karatasi: kibweta cha kiberiti kiwe kitanda, kizibo kiwe mtungi. Hapa ndipo penye uzito, kwa kuwa mtoto akiachiwa penseli huchora kitanda na miguu yake minne. Tusimcheke. Azungushe penseli ukingoni mwa kiberiti, kisha akiondoe: alama iliyobaki ndiyo kitanda akionavyo kunguru kutoka juu, na ndiyo ramani. Siku nyingine apime chumba kwa hatua, kila hatua njiti moja. Au afichiwe tende uani, aitafute kwa mchoro. (Mabinti nao, tafadhali, tende si za wavulana peke yao.)

Karatasi ilazwe chini daima, upande wa kaskazini ukielekea kaskazini. Kuweka kaskazini juu ni desturi tu: Al-Idrisi, aliyemkamilishia Mfalme Roger wa Sisilia ramani ya dunia mwaka 1154, aliiweka kusini juu.

Ndugu zetu wa Kigoma na Bujumbura wana kazi zaidi, maana kwao Makka iko kaskazini iliyopinda kuelekea mashariki. Mtoto wao achore sakafuni mistari miwili, mmoja wa kibla, na mmoja wa kaskazini atakaoupata kwa kuuelekeza mkono wa kulia lichomozako jua. Akiiona mistari hiyo ikiachana, atakuwa amejua jambo ambalo mwenziwe wa pwani hajapata kuliona.